Kumchora mtu kwa rangi chache za giza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaojifunza kuchora huku Nyanda za Juu Kusini: wengi wa Mbeya mjini, wengine wa Iringa, Mafinga, Njombe na Tukuyu. Yote yanazunguka kazi moja, ya kumchora mtu kwa rangi chache za giza hadi mtazamaji ahisi kitu kabla hajauliza huyo ni nani. Majibu ni ya mtu anayefundisha kazi hii, kwa hiyo usishangae kukuta upendeleo ndani yake.

Rangi chache ni ngapi hasa?

Tano, nyeupe ikiwemo. Ninazopendekeza ni kahawia ya amba iliyochomwa (burnt umber, udongo wa kahawia uliopitishwa motoni), buluu ya ultramarini, nyekundu ya oksidi ya chuma, njano ya udongo na nyeupe ya titani. Majina ya kwenye tyubu hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, lakini nyuma ya tyubu huwa pana namba ya pigimenti, yaani ya unga wenyewe unaotoa rangi, na hiyo haibadiliki: PBr7, PB29, PR101, PY42 au PY43, na PW6. Muuzaji akikwambia jina hilo halijui, mwombe akusomee namba. Tyubu isiyo na namba yoyote iache pale pale dukani.

Wengi huuliza kuhusu Anders Zorn, mchoraji wa Sweden (1860–1920), anayetajwa sana kwa rangi nne tu: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu ya vamilioni na nyeusi. Katikati ya rangi hizo za joto, kijivu cha nyeusi na nyeupe kilisomeka kama buluu, na nyeusi ikikutana na njano ilitoa kijani. Ni mpango mzuri na inafaa kuujaribu. Kwa giza tunaloliongelea hapa, mimi naiona ile nyekundu ina kelele mno, na bila buluu halisi unakosa weusi wa baridi. Ndiyo maana nimeweka oksidi na ultramarini.

Kwa nini nisinunue nyeusi moja nimalize kazi?

Hakuna anayekukataza. Ila angalia kinachotokea: nywele zinapata nyeusi hiyo, kivuli cha chini ya kidevu kinapata hiyo hiyo, koti hiyo hiyo, ukuta wa nyuma hiyo hiyo. Vyote vinne vinashikana kuwa doa moja, na uso unabaki unaelea juu yake. Mchoro wa giza husimama kwa sababu giza lake lina tofauti ndani yake. Hili nitalirudia hadi mwisho wa ukurasa, mtanisamehe.

Njia rahisi ya kupata weusi wa aina nyingi ni kuutengeneza mwenyewe kwa amba na ultramarini. Kahawia ikizidi unapata weusi wa joto unaosogea mbele, mzuri kwa nywele na kwa vivuli vilivyo karibu na ngozi. Buluu ikizidi, weusi unapoa na kurudi nyuma. Huo ni wa ukuta, wa kona ya chumba, wa mlango ulioachwa wazi usiku. Rangi ikiwa mbichi huwezi kujua umeegemea wapi, maana yote inaonekana nyeusi tii. Chota kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, weka pembeni, changanya na nyeupe. Papo hapo utaona kama umepata kijivu cha kahawia au kijivu cha buluu.

Nyeusi za tyubu nazo hazifanani. PBk9 hutokana na mifupa iliyochomwa. Ni laini na inapitisha mwanga, kwa hiyo inafaa tabaka jepesi. PBk6 na PBk7 ni kaboni, jamii ya masizi; zina nguvu kupindukia, tone moja linameza rundo zima la kahawia. PBk11 ni oksidi ya chuma, inaziba kabisa kilicho chini yake, na ukiitumia na mafuta inakauka mapema kuliko hizo nyingine. Kerry James Marshall, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1955, amejenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya jambo hili. Watu wake ni weusi wa kweli, hawana ukahawia wa kubahatisha, na anawachora kwa nyeusi hizo za aina tatu, akizigeuza kwa rangi nyingine kama buluu ya kobalti. Ukitazama picha zake kwenye skrini ndogo utaona kivuli kimoja. Zikuze, na utaona shavu, pua na shingo, kila kimoja na weusi wake.

Masizi ya koroboi yanafaa?

Yanafaa, na ni bure. Shikilia sahani ya bati juu ya mwali, ukwangue kinachoganda. Yakatae ya chini ya sufuria, maana yana mafuta ya kupikia. Masizi hayapendi maji, yataelea tu. Yaloweshe kwanza kwa matone ya spiriti, ndipo uchanganye na kishikizo cha akriliki, ule ute unaoshikanisha unga wa rangi. Ukiyasaga na mafuta, jiandae kusubiri, kwa kuwa hunyonya mafuta mengi na hukauka polepole.

Rangi za wasanii ni ghali na hapa mjini hazipatikani kirahisi. Za hadiwea je?

Kuna kitu kimoja cha hadiwea ambacho wachoraji wetu hawakitumii vya kutosha: rangi ya unga ya sakafu, ile mafundi wanayochanganya na saruji. Nyekundu, njano na nyeusi za aina hiyo kwa kawaida ni oksidi za chuma, jamii ile ile ya PR101, PY42 na PBk11 unayolipia pesa nyingi kwenye tyubu. Zinahimili jua na hazipauki. Saga unga huo juu ya kipande cha kigae kwa kitako cha chupa, na kishikizo cha akriliki au na mafuta ya kitani yale wanayotumia maseremala kwenye samani. Kwa mazoezi tu, gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji inatosha, ila usiuze kazi hiyo, maana miaka ikienda gundi hukakamaa.

Rangi ya mafuta ya kupakia mageti na milango ina historia yake nchini. Edward Saidi Tingatinga na waliomfuata Dar es Salaam walifanya maajabu kwa rangi za aina hiyo juu ya hadibodi. Lakini wao walitaka rangi kali, tambarare, yenye mng'ao na mpaka ulio wazi. Sisi tunataka kinyume chake. Giza linalong'aa linarudisha dirisha la chumba usoni kwa mtazamaji, na rangi hiyo haikupi nafasi ya kulainisha ukingo wa bega ukayeyukia ukutani.

Udongo wetu mwekundu unaweza kuwa rangi?

Unaweza, na si jambo jipya. Nje kidogo ya mji wa Iringa, kwenye mwamba wa Igeleke, kuna watu na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu na wahenga ambao hata hatuwajui, na bado wanaonekana. Wekundu wa udongo wa huku ni chuma kilichoungana na oksijeni. (Usichukue udongo wala jiwe kwenye eneo la michoro yenyewe. Kingo za barabara zilizochimbwa zimejaa.)

Chimba chini ya mizizi ya nyasi, mahali ambapo udongo hauna weusi wa mboji. Uanike, uutwange, uutie kwenye ndoo ya maji na ukoroge kwa nguvu. Subiri kama nusu dakika ili mchanga utue, kisha mimina yale maji ya tope kwenye ndoo ya pili, mchanga ubaki. Rudia kumimina mpaka ukipitisha kidole chini ya ndoo usisikie punje. Acha tope litue usiku kucha, mwaga maji safi ya juu, anika kilichobaki kwenye sinia. Kikikauka, kisage na kukichekecha kwa kipande cha soksi ya nailoni. Hapo funga pua na mdomo kwa barakoa, maana vumbi hilo likiingia mapafuni ni hatari.

Sehemu inayowafurahisha wanafunzi kuliko zote ni kukaanga. Ukipata udongo wa njano, weka unga wake kwenye kikaango kikuukuu juu ya jiko la mkaa, nje, ukigeuza taratibu. Joto likipita kama nyuzi 250 hadi 300, maji yaliyofungwa ndani ya madini hutoka na njano inageuka nyekundu mbele ya macho yako. Ukiutoa mapema unapata rangi ya katikati, kama chungwa lililozimika, ambayo ni nzuri ajabu kwa mwanga wa kwanza juu ya ngozi nyeusi. Toa kila dakika chache kijiko kimoja uweke pembeni, na kutoka kwenye udongo mmoja utakuwa na ngazi nzima ya rangi. Haitakuwa na nguvu kama ya kiwandani. Kwa mpango wetu hiyo si hasara.

Naona watu wanapaka oili chafu kwenye nguzo, zinakuwa nyeusi vizuri. Niitumie?

Hapana. Oili ya injini haikauki, hata ukiisubiri mwaka. Mafuta ya alizeti ya jikoni nayo hukauka kwa kusuasua na hubaki yakinata, yakikusanya kila vumbi la soko la Mwanjelwa, Mbeya. Mafuta ya kitani hugeuka ngozi ngumu kwa kuvuta oksijeni, ndiyo sababu yanatumika.

Nichore juu ya nini?

Sisi tuna bahati ambayo wa pwani hawana: plaiwudi. Mafinga iko jirani na msitu wa kupandwa wa Sao Hill, na viwanda vya mbao na plaiwudi viko huko huko. Nunua ya milimita 6 kwenda juu, mwombe seremala akate, piga msasa. Ziba pande zote mbili na kingo zake pia. Ukipaka upande mmoja tu, ubao utapinda, na ukiishi Tukuyu utaota ukungu wa kuvu mgongoni. Tabaka mbili za jeso ya akriliki, ile rangi nyeupe ya msingi, zinatosha. Kwa mazoezi, rangi ya maji nyeupe ya nyumba inakubalika.

Anayetaka kitambaa anunue marekani nzito, aivute kwenye fremu ya mbao kavu na aipake jeso tabaka tatu. Mimi kwa kazi za giza napendelea ubao, kwa sababu nafuta, nakwangua na kusugua sana, na kitambaa kinabonyea.

Rangi yangu ya akriliki imepasuka pasuka. Kuna kosa gani?

Kama ulichora alfajiri au usiku wa Juni au Julai, kosa ni baridi. Akriliki ni chembe za plastiki ndani ya maji. Maji yakiondoka, chembe zinatakiwa zishikane, na chini ya nyuzi 9 au 10 za Selsiasi nyingi hazishikani. Njombe na Makete asubuhi za kipupwe hushuka chini ya hapo bila shida. Chora kuanzia saa nne asubuhi, na usiuache ubao ulale barazani. Usijaribu kuukausha kwa kuingiza jiko la mkaa chumbani ukafunga dirisha. Moshi usioonekana wa mkaa unaua, na kila msimu wa baridi tunasikia habari hizo.

Jambo lingine la akriliki: ikikauka inaongezeka giza kidogo, kwa kuwa kishikizo chake kikiwa kibichi kina weupe wa maziwa. Kwenye mchoro wa rangi angavu hutajali. Kwenye mchoro wetu, ambako tofauti kati ya koti na ukuta ni ndogo, unaweza kulala na mchoro ukaamka na doa. Changanya ngazi moja juu ya unayoitaka, na jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi.

Vitabu vinasema nikae kwenye dirisha la kaskazini. Ni kweli?

Ni kweli kwa walioandika vitabu hivyo, wanaoishi Ulaya ambako jua halipiti kaskazini. Mbeya tuko karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta. Juni na Julai, jua la mchana linatupitia kaskazini, kwa hiyo dirisha la kaskazini litakumwagia jua moja kwa moja juu ya mtu unayemchora, na vivuli vitatembea kila dakika kumi. Miezi hiyo kaa na dirisha la kusini. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari mambo yanageuka: jua la mchana liko kusini yetu kidogo, na dirisha la kaskazini ndilo tulivu. Ila hiyo ndiyo miezi ya mvua, mawingu mengi, na mwanga wa mawingu ni mzuri kutoka upande wowote.

Epuka kumchora mtu nje saa sita mchana. Jua la utosini linachimba mashimo machoni na kumfanya kila mtu aonekane mgonjwa.

Nianzie wapi? Ubao uko mbele yangu na mkono haunyanyuki.

Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho. Ubao wa sentimita 40 kwa 50. Mama amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, asubuhi ya baridi, shuka mabegani, mwanga unamjia kushoto kutoka nje, nyuma yake jiko limejaa giza na moshi.

Kabla ya ubao, chukua karatasi na mkaa, uchore vijipicha vya ukubwa wa kiberiti. Vingi, haraka, bila pua wala macho. Unatafuta umbo la giza na umbo la mwanga tu. Kama uzito wa mama huyo hausomeki kwenye ukubwa wa kiberiti, hautasomeka kwenye mita mbili.

Sasa paka ubao wote amba iliyozimuliwa, jepesi. Kabla haijakauka, zungushia kitambaa cha pamba kidoleni na ufute pale mwanga unapogonga: upande wa kushoto wa paji la uso, mfupa wa shavu, mkunjo wa shuka begani, mgongo wa kiganja kilichoshika shuka. Kwa rangi ya mafuta una saa kadhaa za kufuta. Kwa akriliki una dakika chache, kwa hiyo fanya sehemu kwa sehemu. Hujagusa nyeupe bado. Rudi nyuma, kunja macho. Ukiona mtu amekaa, endelea. Ukiona madoa, funika uanze upya, haijakugharimu kitu.

Kisha weka weusi wa aina mbili tu. Wa joto, wenye amba nyingi, chini ya kidevu, ndani ya mikunjo ya shuka, kati ya vidole. Wa baridi, wenye ultramarini nyingi, jikoni nyuma yake. Bega la kulia, lile la mbali na mlango, likiwa na giza sawa na la ukuta, liache lipotee: hakuna mstari kati ya bega na ukuta, kuna joto na baridi tu. Mtazamaji atalimaliza bega hilo mwenyewe. Wanaoanza hapa ndipo hushindwa kujizuia, wanachukua brashi nyembamba na kumzungushia mama mstari mweusi, na mama anageuka kibandiko.

Rangi za kati ndiyo kazi ndefu: oksidi nyekundu na amba kwa ngozi inayogeuka kutoka kwenye mwanga, njano ya udongo ikiingia kadiri unavyokaribia mlango. Tumia brashi pana kuliko unavyojisikia salama. Mwisho kabisa, nyeupe. Kwa ubao mzima, kiasi cha punje ya mhindi kinatosha: nukta kwenye mfupa wa shavu, mstari mfupi kwenye kifundo cha kidole, kidogo kwenye ukingo wa shuka. Kama kuna sehemu ya nne inayoonekana kuihitaji, kwanza jaribu kutia giza majirani zake.

Ngozi ya mtu wangu inaonekana imepakwa majivu. Kwa nini?

Kwa sababu umechukua kahawia na kuipandisha kwa nyeupe. Nyeupe ya titani inapoza kila inachogusa, na amba yenye nyeupe peke yake ni rangi ya vumbi. Vitabu vingi vya kuchora vimeandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, na hapo kanuni yao ya kupandisha kwa nyeupe inafanya kazi kiasi. Kwetu panda ngazi hivi: kutoka amba kwenda oksidi nyekundu, kutoka hapo kwenda njano ya udongo, na nyeupe ije mwishoni kabisa ikiwa imechanganywa na hiyo njano.

Halafu angalia ngozi halisi. Mwombe ndugu yako akae dirishani siku ya mawingu, uangalie paji lake la uso kwa karibu. Pale panapong'aa hapana rangi ya kahawia iliyopauka. Pana ubuluu wa anga, kwa kuwa ngozi nyororo inarudisha mwanga wa nje, na mwanga wa mawingu ni baridi. Kwa hiyo mng'ao huo ni nyeupe, ultramarini kidogo sana na chembe ya amba, tena uwe mdogo na wenye ukingo mkali upande mmoja. Ukiuweka juu ya kahawia ya joto, ngozi inapata uhai ghafla. Sikio likipigwa na jua kwa nyuma lina wekundu kuliko uso wote. Kifundo cha kidole ni cheusi kuliko kidole. Chini ya kidevu cha aliyevaa kitenge chekundu kuna wekundu uliopanda kutoka kwenye nguo. Usikose hivyo vitatu.

Hisia inatoka wapi? Nimemchora akilia na bado haisemi kitu.

Machozi ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Futa machozi, angalia shingo. Mtu aliyechoka, aliyefiwa, anayesubiri majibu hospitali, mwili wake unasema kabla ya uso: kichwa kimetangulia mbele ya mabega, mgongo umeachia, mkono mmoja umeushika mwingine. Huku kwetu kuna mkao wa baridi pia, mabega yamepanda masikioni na mikono imefichwa kwapani ndani ya koti la mtumba, na mkao huo mara nyingi husomeka kama huzuni hata pale ambapo ni saa kumi na mbili ya asubuhi tu ya Uyole, pembeni mwa Mbeya. Jua tofauti yake: mwenye baridi amejikaza, mwenye huzuni amelegea.

Käthe Kollwitz, Mjerumani (1867–1945), alimpoteza mwanawe vitani mwaka 1914. Tazama wazazi na akina mama aliowachora na kuwachonga: mara nyingi uso umezikwa kwenye mikono, na mikono hiyo ni mikubwa, ya kazi. Nyingi ni za mkaa au za kuchapa, hazina rangi hata moja. Ukibanwa na rangi, rudi kwenye mkaa kwa muda.

Mandharinyuma niweke nini?

Karibu hakuna kitu. Kizingiti, ukingo wa dirisha, basi. Ukiweka kalenda na saa ya ukutani, watu watasoma kalenda.

Naruhusiwa kumchora mtu ninayemwona sokoni au msibani?

Sokoni, omba. Kwa mama anayeuza viazi Mwanjelwa unasema, "Shikamoo mama, mimi ni mchoraji, naomba nikuchore hivyo hivyo ulivyokaa," na unanunua viazi. Iringa ukianza na "kamwene", salamu ya Kihehe, mzee atakuangalia kwa jicho jingine. Akikataa, asante, unaondoka. Mtoto, unamwomba mzazi.

Msibani usitoe karatasi wala simu. Keti na wenzako, toa rambirambi, saidia kubeba maji. Ukirudi nyumbani chora unachokikumbuka. Kumbukumbu inatupa vitu vidogo vidogo na kubakiza mkao, na mkao ndio tuliokuwa tunautafuta. Mtu wa kwenye mchoro usimpe uso wa marehemu wala wa mfiwa yeyote anayejulikana.

Mchoro ulikuwa na kina, umekauka umepauka kama vumbi. Umeharibika?

Haujaharibika. Kwenye rangi ya mafuta, tabaka la chini limenyonya mafuta ya tabaka la juu, na amba ndiyo kinara wa tabia hiyo. Ukikauka, pangusa sehemu hiyo kwa mafuta ya kitani kidogo mno, kisha futa yote kwa kitambaa kikavu, weusi utarudi. Kumbuka pia kila tabaka la juu liwe na mafuta mengi kidogo kuliko la chini, la sivyo linapasuka. Kwenye akriliki, vanishi inarudisha kina. Chagua ya mng'ao wa kati, usichague ya kioo.

Nikipiga picha ya mchoro kwa simu, unatoka kijivu.

Simu inadhani chumba kina giza, inaongeza mwanga. Weka ubao wima kivulini, karibu na mlango ulio wazi, mwanga ukija kwa pembeni. Zima flashi. Gusa skrini juu ya mtu, kisha shusha mwanga mpaka weusi wa picha ufanane na wa ubao. Mteja anayeona kijivu kwenye simu na kuletewa mweusi mlangoni ana haki ya kulalamika.

Niwaangalie wachoraji gani?

Rembrandt wa Uholanzi (1606–1669), hasa nyuso zake za uzeeni. Goya wa Hispania, ambaye kati ya mwaka 1819 na 1823 alichora picha 14 za giza kwenye kuta za nyumba yake nje ya Madrid, bila mteja yeyote. Sasa ziko makumbusho ya Prado. Lynette Yiadom-Boakye, aliyezaliwa London mwaka 1977 na wazazi kutoka Ghana, anachora watu weusi wa kubuni, kahawia juu ya kahawia, na mara nyingi anamaliza mchoro kwa siku moja. Huyo naona anawafaa wanafunzi wetu kuliko wote. Picha zao ziweke kwenye simu, uzigeuze ziwe nyeusi na nyeupe, uone giza limepangwaje.

Michoro hii inauzika?

Polepole. Mtalii anayepita Iringa kwenda hifadhi ya Ruaha anataka kitu kidogo, chenye rangi, kinachoingia kwenye begi. Mchoro wa giza hununuliwa na mtu aliyesimama mbele yake muda mrefu, kwa hiyo inabidi apate pa kusimama: ukuta mweupe, mwanga wa pembeni, na usiupange katikati ya pundamilia na machweo. Anza na ndogo za sentimita 20 kwa 30. Usishushe bei kwa sababu ulitumia rangi chache.

Matambara ya kufutia mafuta niyatupe wapi?

Usiyakunje ukayatupa kwenye kona au kwenye ndoo ya takataka. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na tambara lililofinyangwa linalifungia joto hilo ndani mpaka linawaka lenyewe, bila kiberiti. Yaanike nje kwenye kamba, moja moja, mpaka yakakamae, au yaloweke kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko. Mwambie na seremala wa jirani.